Kisutu hakina jina: kisa cha baraza la vizibo, Likoni

Ukishuka feri upande wa Likoni, Mombasa, ukayaacha makelele ya matatu na tuktuk, ukashika mkono wa kushoto kuelekea bahari kuu, utafika kwenye bandari ndogo ya wavuvi iliyo chini ya mkungu mkubwa. Hapo pana baraza. Lina urefu wa mita nne. Ndani limejazwa chupa za plastiki, limezungushiwa mawe ya matumbawe na saruji, na pale pa kukalia pamepambwa kwa vizibo vyekundu na vyeupe, pamoja na visahani vyeusi vya mpira wa tairi. Simama mbali kidogo ulitazame: ni kanga ya kisutu imetandikwa.

Nimeshaombwa mara kadhaa nieleze jinsi lilivyojengwa, na kila anayeniuliza anataka kusikia habari za mradi uliofaulu. Mimi nilikuwa mratibu, nayajua mambo yake kwa karibu. Siwezi kuyaeleza bila kuanza na kasa, kwa sababu kabla ya baraza pale palikuwa na kasa, na kasa yule alikuwa kazi yetu.

Kasa

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Agosti 28, 2017, macho ya wengi yaligeukia taka za Pwani. Mwaka uliofuata mafundi wa Lamu wakateremsha baharini Flipflopi, jahazi la mita tisa lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvikwa ndala zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Kila msanii wa Pwani aliyeliona alitamani kufanya jambo. Sisi tulikuwa vijana saba, wengine wa kisiwani, wengine wa Likoni. Tukapata mfadhili wa kututolea pesa kidogo za kutengeneza sanamu pamoja na jamii.

Tukachagua kasa. Tulimchagua mezani, kwenye mkahawa wa mjini, penseli mkononi. Kasa ni kiumbe wa bahari yetu, plastiki inamuua, na kwenye picha anapendeza. Nondo tukazipinda, waya wa kuku tukauzungusha, tukatangaza kwamba kila mwenye chupa tupu alete. Watoto walileta. Akina mama wa mtaa walikuja kuosha. Kwa siku tatu pale ufukweni palikuwa kama harusini, na siku ya tatu kasa mwenye urefu wa mita tatu alikuwa amekamilika, gamba lake limebandikwa vizibo vya kila rangi kwa gundi ya moto. Tukapiga picha. Ripoti tuliyopeleka ilisema wakazi wapatao 200 wameshiriki, na idadi hiyo ilikuwa ya kweli.

Gundi ile haikustahimili jua la Likoni. Plastiki ya vizibo ni laini na ina utelezi, gundi nyingi haziishiki, na ya moto hulainika joto likizidi. Mwezi wa pili vizibo vilianza kudondoka. Kusi lilipoingia, bahari ikipanda na upepo ukipiga, chupa za tumboni zikachomoka moja moja. Mbuzi wakawa wanalala kivulini kwake. Tulichokiokota ufukweni kikarudi baharini, na sasa kikiwa vipande vipande. Hilo bado linaniuma ninapoandika.

Kwa muda mrefu tulisema kosa lilikuwa gundi. Lakini pale bandarini kila siku hukaa wavuvi, maseremala wa ngalawa, mafundi wa nyavu, watu ambao mikono yao haijui kukaa bure. Waya ukikatika kwenye mtego wa samaki wanaufunga palepale. Kasa alibomoka mbele yao miezi minne na hakuna aliyemfunga hata uzi. Kwa nini?

Jibu lilikuwa katika maneno yao, tena tangu mwanzo, ila sisi hatukulisikiliza. Walikuwa wakimwita "kasa wenu". "Kasa wenu ameanguka kichwa." "Kasa wenu ameingiwa na nyoka." Hata yule mama aliyekaa siku tatu akiosha chupa alisema wenu.

Nondo tuachieni

Tulirudi tukiwa na gari la kukodi, tumekuja kuondoa mabaki. Aibu tulikuwa nayo. Mama karanga walikuwa wamekaa juani kama kawaida yao, kila mmoja juu ya mtungi aliouinamisha, karai pembeni, wakingoja mashua ziingie. Kwa asiye wa Pwani, mama karanga ni wale wanawake wanaonunua samaki wadogo bandarini, wakawakaanga na kuwauza mitaani jioni. Matajiri wa samaki huchukua walio wakubwa, mama karanga wakabaki na tasi na simusimu na vibua. Kungoja kwao ni kwa saa nyingi, maana mashua hairudi kwa saa ya ukutani.

Tulipoanza kung'oa nondo, mmoja wao, mama wa makamo, akasema, "Wanangu, hizo takataka chukueni. Nondo tuachieni."

Tukauliza za nini. Akatuonyesha pale aliposimama kasa. Kumbe tulikuwa tumemjenga mahali penye kivuli kizuri kuliko pote pale bandarini, mahali walipokuwa wakikaa wao tangu enzi za mama zao. Kwa miezi minne tulikuwa tumewatoa kivulini, na katika wale 200 wa kwenye ripoti yetu hakuna hata mmoja aliyeulizwa, "Hapa hukaa nani?" Walitaka nondo wafanyiwe baraza na fundi.

Ndipo kisa chenyewe kinapoanzia, na ninaomba wanaofanya kazi kama yetu wapaangalie sana mahali hapa. Wazo halikuzaliwa kwenye kikao. Lilitoka kwa watu wenye haja ya kukaa. Sisi tuliomba tu ruhusa ya kusaidia, na ruhusa haikutolewa siku ile. Waliizungumza wao kwa wao, wakaipeleka kwa kamati ya BMU, chama kinachosimamia bandari ya wavuvi, na baada ya wiki mbili ndipo tukaitwa.

Chupa ina mwenyewe

Kabla hata jiwe halijawekwa, alitujia kijana mmoja anayeokota chupa. Alikuwa na kinyongo cha tangu wakati wa kasa. Yeye huamka alfajiri, hupita ufukweni na kwenye majalala, hujaza gunia na kuliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa plastiki. Tulipowatangazia watoto walete chupa bure, tulizoa riziki yake ya wiki nzima bila kujua. "Nyinyi mnaita taka," alituambia. "Mimi naita unga."

Sisi wasanii wa vitu vilivyotupwa tunapenda kusema kwamba taka ni mali. Basi kama ni mali, ina mwenyewe. Mjini kwetu hakuna chupa safi ya plastiki inayolala chini siku mbili bila mtu kuihesabu katika chakula cha watoto wake. Safari hii chupa na vizibo tulivinunua kwake na kwa wenzake watatu, kwa bei ileile ya wanunuzi, na kazi ya kuchambua tukawalipa kivyake.

Na huko kwenye kuchambua walituacha mbali. Kijana yule alikata kipande cha ubavu wa chupa ya maji, akakitupa pamoja na kizibo chake ndani ya ndoo. Kipande kikazama, kizibo kikaelea. Chupa moja, plastiki mbili, na kila moja ina soko lake na tabia yake motoni. Katika kikundi chetu walikuwamo wenye vyeti vya sanaa, na hakuna aliyekuwa akilijua hilo. Alituonya pia tusichome mabomba ya maji wala nyaya ili kupata rangi nyeusi, kwa sababu ule moshi ni sumu. Kuhusu betri za gari hatukuhitaji onyo la mtu. Mombasa nzima inaijua Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu kiliwatia watu sumu hadi kikafungwa mwaka 2014, na mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kitu hakiwi salama kwa sababu tu kinatumika mara ya pili.

Mizani ya samaki

Sehemu ya ujenzi nitaieleza kwa urefu, kwa kuwa humo ndimo nilimojifunza zaidi.

Fundi mwashi ni mzee wa palepale Likoni. Jambo la kwanza alilolikataa ni mchanga wa ufukweni, tuliotaka kuutumia kupunguza gharama. Alisema una chumvi, na chumvi itazila nondo ndani kwa ndani mpaka baraza lipasuke. Tukanunua mchanga wa bara. La pili ni chupa zenyewe: alizibonyeza kwa kidole gumba, akasema hatajengea upepo. Ndipo tukakubaliana zishindiliwe karatasi za plastiki ambazo hakuna anayezinunua: za mkate, za maziwa, za viazi vya kukaanga. Zioshwe, zikauke kabisa, maana zikiingia na unyevu huoza ndani na chupa ikavimba, kisha zisukumwe kwa mpini wa mwiko mpaka chupa iwe ngumu kama kuni.

Lakini ngumu kiasi gani? Kipimo kinachofuatwa na wajengao kwa chupa za namna hii ni theluthi moja ya gramu kwa kila mililita, yaani chupa ya nusu lita isipungue gramu 165 hivi. Nilipolieleza hilo, walinitazama tu. Nani ana mizani ya gramu? Aliyelitatua ni karani wa bandari, anayepima samaki. Mizani yake haisomi vitu vidogo, basi akasema leteni kumi kumi. Kumi zikifika kilo moja na robo tatu, zinapita. Zisipofika, zote kumi zinarudi. Hapo pakawa na mashindano. Mama karanga walijipanga makundi, kila kundi na kumi lake, na kundi lililorudishwa lilichekwa na bandari nzima. Tulihitaji chupa 400 na zilipatikana kwa wiki tatu, kazi ikifanyika katika zile saa za kungoja mashua.

Kuhusu vizibo, gundi hatukutaka hata kuisikia. Mama mmoja alijaribu kukigandamiza kizibo mdomo chini kwenye udongo wa saruji mbichi, kikawa kinasukumwa na hewa kinarudi juu. Akachukua kijiko cha chai, akakijaza kwanza kizibo udongo wa saruji hadi pomoni, ndipo akakipindua na kukididimiza. Kikakaa. Kesho yake tukajaribu kukibandua kwa bisibisi, hakikutoka: saruji ilikuwa imeingia kwenye ile mitaro ya ndani inayokazia mdomo wa chupa, ikakauka humo humo. Hivyo ndivyo vilivyowekwa vizibo vyote, zaidi ya 2,000, kijiko baada ya kijiko.

Hapa nitasema jambo ambalo bado sijalipatia raha. Fundi mwashi tulimlipa. Waokotaji tuliwalipa. Mama karanga, waliofanya kazi ndefu kuliko wote, tuliwapa chakula cha mchana na asante. Tulijiambia kwamba baraza ni lao, basi wanajijengea. Lakini bajeti ya mfadhili ilikuwa na fungu la wasanii, na sisi saba tulilichukua. Kama mkono unaojaza kizibo si mkono wa msanii, basi sijui msanii ni nani. Wawili kati yao walilisema wazi, na walikuwa na haki.

Jina

Pambo la baraza liliamuliwa na mwanamke mmoja mzee, ambaye hakaangi tena samaki ila huja kila siku kukaa na wenzake. Vijana walitaka papa, wengine walitaka bendera. Yeye alisema, "Mtu hutandika nini anapomkaribisha mgeni aketi? Si kanga?" Basi ikawa kanga, na akaichagua mwenyewe: kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya bibi harusi.

Vyekundu vilipatikana kwa vizibo vya soda, na vyeupe vilikuwa vingi vile vile. Cheusi ndicho kilichotusumbua, kwa sababu vizibo vyeusi ni adimu. Fundi wa akala, anayeshona champali za tairi karibu na stendi, alinoa ncha ya bomba la chuma, akawa anaipigilia nyundo juu ya tairi kuukuu na kutoa visahani vya ukubwa wa kizibo. Kila kimoja akakitoboa kwa msumari ili saruji ipate pa kushika. Ukikaa leo juu ya baraza ukapitisha kiganja, vizibo ni vya baridi na laini, na vile vyeusi vina mkwaruzo kidogo. Kanga yenyewe ina pindo pembezoni na mji katikati, kama inavyotakiwa.

Ikabaki jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga. Sisi tulipendekeza ujumbe wa mazingira. Akina mama wakasema huo ni wa ubao wa serikali. Vijana wakaleta methali, zikabishaniwa siku mbili nzima. Yule bibi mzee alisikiliza mpaka walipochoka, akasema kisutu cha asili hakina jina. Kanga nyingine husema, kisutu kimenyamaza, maana aliyekivaa anajulikana. Ukakubaliwa ukimya.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya mfadhili. Alitaka jina lake na nembo yake viwekwe kwenye egemeo la baraza, upana wa mita moja, kwa vizibo. Ilikuwa sharti la malipo ya mwisho.

Sitaficha kwamba sisi saba tulikuwa tayari kukubali. Pesa za saruji zilikuwa zimeisha. Niliipeleka barua bandarini nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuwashawishi. Bibi yule alinikatiza kwa upole. "Mwanangu, nimeshakwambia. Kisutu hakina jina." Kisha akafikiri, akaongeza, "Hata Abdulla huandika pembeni, kwa herufi ndogo."

Kila mtu wa Mombasa aliyepata kununua kanga anaelewa maana yake. Duka la Mali ya Abdulla limekuwa likiuza kanga tangu 1887, lipo mtaa wa Biashara, na maneno "Mali ya Abdulla" huchapishwa kwenye kanga zake kwa maandishi madogo. Mfanyabiashara ametoa kitambaa, ana haki ya kutajwa. Lakini anatajwa ukingoni. Katikati ni mahali pa mvaaji.

Jibu lilipelekwa hivyo hivyo, pamoja na maelezo ya Abdulla. Malipo yakasimama. Kazi ikalala majuma sita, mpaka wavuvi wakachanga mifuko ya saruji iliyobaki. Mwishowe mfadhili alikubali, na jina lake lipo upande wa nyuma, chini, kwa ukubwa wa kiganja. Hajaonewa.

Nilivyoelewa

Tunatumia sana neno kushirikisha. Jamii ilishirikishwa, akina mama walishirikishwa. Lisikilize neno lenyewe: yupo anayeshirikisha na yupo anayeshirikishwa, kama vile yupo anayelisha na anayelishwa. Wakati wa kasa tuliwashirikisha watu 200. Kwenye baraza walioshika kazi hawakuzidi 40, lakini walikuwa na uwezo wa kukataa. Walikataa mchanga, wakakataa ujumbe, wakakataa nembo. Siku hizi mtu akinisimulia mradi wa jamii, swali langu la kwanza ni hilo: watu wamekataa nini, na kukataa kwao kulibadilisha nini? Kama hakuna kilichokataliwa, mimi huingiwa na wasiwasi.

La Lamu nalo nililielewa upya. Tuliiona Flipflopi tukatazama ndala zake. Hatukuona kwamba kiini cha kazi ile kilikuwa maarifa ya waunda majahazi, watu waliokuwa na ufundi wao kabla plastiki haijafika. Sisi tuliwapa watu kazi ya kuosha chupa. Hatukuwauliza wanajua nini.

Na tusilitwishe baraza mzigo lisiouweza. Limemeza chupa 400 na magunia machache ya karatasi. Kusi likivuma siku moja tu, bahari inatema zaidi ya hizo, nyingine zina maandishi ya nchi za ng'ambo. Sanaa haizoi taka za Mombasa. Hiyo ni kazi ya kaunti na ya viwanda vinavyotengeneza chupa zenyewe. Wala plastiki ya baraza haitadumu milele. Jua hukifanya kila kizibo kuwa kikavu na chepesi kuvunjika, na ndiyo maana tunashukuru kivuli cha mkungu.

Mwezi uliopita nilipita pale. Ubavuni, karibu na pindo, kizibo kimoja chekundu kilikuwa kimepasuka, na mtu alikuwa ameshakitoa na kuweka kingine, saruji yake bado ina rangi mbichi. Alichokiweka ni cha kijani. Nikauliza nani amekitia. Mama mmoja akainua mabega bila kuacha kupara samaki, akasema chekundu hakikuwapo siku ile, akanisogezea mahali pa kukaa.